Pande Sita za Sigala: Juu ya Mwenendo wa Mbuddha Asiye Mtawa

Katika vitabu vingi vilivyoandikwa na watu wa Ulaya juu ya dini ya Buddha, msomaji hukutana na shauri moja ambalo limerudiwa hata likawa kama mithali: ya kuwa dini hiyo ni dini ya watawa, na ya kuwa mtu mwenye mke na watoto, shamba na deni, hana fungu ndani yake ila kuwalisha watawa na kungojea maisha mengine. Mwanachuoni Mjerumani Max Weber aliyashika maneno ya namna hiyo kwa nguvu katika maandiko yake ya mwaka 1916, na wengi wameyapokea kwake pasipo kuyapima. Tena katika miaka ya karibu limezuka shauri la pili, nalo latoka hasa Marekani: ya kuwa kiini cha mafundisho ya Buddha ni kuketi kimya, kuangalia pumzi, na kuutuliza moyo uliochoka kwa kazi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha jambo hilo katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, kwa faida ya wagonjwa wenye maumivu yasiyopona. Na tangu hapo mafunzo ya namna hiyo yameenea hata katika maofisi na mashule ya nchi nyingi.

Mashauri hayo mawili yaonekana kama maadui, lakini ni ndugu. La kwanza lamtoa mtu wa nyumbani nje ya dini. La pili lamwingiza, lakini lamwingiza peke yake, bila baba, bila mwalimu, bila mtumishi. Nataka kuyapima yote mawili kwa maandiko mafupi ya kale, maana walimu wetu huulizwa na vijana wao juu ya dini za mashariki, na mara nyingi hawana cha kujibu ila hayo yaliyokwisha kusemwa na wengine.

Maandiko hayo huitwa Sigalovada, maana yake mashauri aliyopewa Sigala. Ni hotuba ya 31 katika mkusanyo wa hotuba ndefu 34 za Buddha, ulioandikwa kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Wabuddha wa Ceylon (iitwayo sasa Sri Lanka), wa Burma na wa Thailand. Buddhaghosa, mfafanuzi mkuu aliyefanya kazi yake Ceylon katika karne ya 5, aliiita hotuba hii sheria ya watu wa nyumbani, kama vile watawa walivyo na sheria yao. Akasema kwamba hakuna wajibu wa mtu wa nyumbani ulioachwa nje. Neno hilo peke yake lingetosha kumpunguzia Weber ujasiri wake. Lakini tusikubali kwa sababu ya sifa za mfafanuzi. Na tuitazame hotuba yenyewe.

Buddha alikuwa akikaa karibu na mji wa Rajagaha, katika kijisitu cha mianzi, mahali palipoitwa pa kulishia kindi. Asubuhi alipokuwa akienda mjini kupokea chakula, akamwona kijana Sigala, mwana wa mwenye mali, ambaye amekwisha kuoga alfajiri. Nguo zake zimelowa, nywele zake zimelowa, ameunganisha viganja, anaziinamia pande sita: mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, chini na juu. Akaulizwa sababu. Akajibu kwamba baba yake alipokuwa anakufa alimwusia kufanya hivyo, naye anayashika maneno ya baba yake.

Angalia sasa jibu la Buddha. Hakumcheka kijana, wala hakumwambia kwamba wasia wa baba yake ni upuuzi. Alimwambia tu kwamba kwa watu walio bora pande sita haziinamiwi namna hiyo. Kijana mwenyewe ndiye aliyeomba afundishwe namna iliyo sawa. Basi upande wa mashariki ukawa baba na mama. Wa kusini, walimu. Wa magharibi, mke na watoto. Wa kaskazini, rafiki na wenzi. Wa chini, watumwa na wafanya kazi. Na wa juu, watawa na makuhani. Desturi haikuondolewa. Ilibaki na umbo lake, ikatiwa kitu kingine ndani.

Wasomaji wa gazeti hili wajua vema uzito wa jambo hili, kwa kuwa watu wetu wengi nao wana pande zao: upande wa kumlaza maiti, upande wa kuelekeza mlango wa nyumba. Twajua pia jinsi ilivyo rahisi kuicheka desturi, na jinsi ilivyo vigumu kuuliza ilikuwa ikitafuta nini. Wala si mara hii tu. Katika maandiko mengine mafupi yaitwayo Mangala, watu walikuwa wakibishana fali njema ni ipi, kama ni kitu cha kuona asubuhi au sauti ya kusikia. Buddha akajibu kwa kutaja, miongoni mwa fali zilizo kubwa, kuwatunza baba na mama na kuwalea mke na watoto. Ni ufundi ule ule. Mtu amekwenda kutazama ndege, amerudishwa nyumbani.

Lakini katika Sigalovada ufundi umekwenda mbali zaidi, maana majina ya pande katika Kipali yana maana zao. Mashariki ni mbele. Mtu amelielekea jua linapochomoza. Kusini ni mkono wa kuume, na neno hilo hilo hutajwa kwa zawadi apewayo mtu astahiliye. Magharibi ni nyuma. Kaskazini ni neno lenye maana ya kupita juu au kuvuka. Wafafanuzi wakasema basi: wazazi ni mbele, kwa kuwa wao ndio waliotutendea mema kwanza, walimu ni kuume, kwa kuwa wastahili zawadi, mke na watoto hufuata nyuma, na kwa rafiki mtu huvuka shida zake. Mchezo huu wa maneno hauwezi kuingia katika lugha yetu wala katika Kiingereza, na mfasiri asijisumbue kuutafuta. Yatosha msomaji ajue kwamba kijana aliyesimama na maji yakimtiririka alikuwa amezungukwa na watu wa nyumba yake pande zote, asiwaone.

Tena liko jambo ambalo sijaona likitajwa na wengi. Miongoni mwa wajibu tano za mwana kwa wazazi, ya mwisho ni kuwatolea sadaka wakiisha kufa. Sigala alikuwa akishika neno la baba aliyekufa. Yaani alikuwa amekwisha kuanza kuuheshimu upande wa mashariki kabla hajafundishwa lo lote. Ndiyo sababu, nadhani, aliweza kufundishwa.

Kabla ya kufika kwenye pande, hotuba yaeleza kwa urefu maovu yanayomharibu mtu na milango sita ya kupoteza mali: ulevi, kuzurura usiku, kupenda ngoma na tamasha, kamari, marafiki wabaya, na uvivu. Sehemu hii humchosha msomaji wa leo kwa hesabu zake, maana kila mlango una hasara sita. Lakini hesabu hizo zilikuwa kamba za kufungia maneno yasipotee, katika siku ambazo mafundisho yalishikwa kwa moyo tu. Katika uvivu mwandishi amechekesha kidogo: mvivu hafanyi kazi kwa kuwa ni baridi mno, kisha kwa kuwa ni joto mno, kisha ana njaa, kisha ameshiba. Mwalimu ye yote aliyewahi kuita wanafunzi kwenye shamba la shule amesikia hoja hizo zote nne kwa siku moja.

Yafaa kuangalia pia jambo moja la mpango. Mbuddha asiye mtawa huahidi mambo matano: asiue, asiibe, asizini, asiseme uwongo, asinywe kileo. Hapa yale manne ya kwanza yamehesabiwa kuwa uchafu wa matendo, lakini kileo kimewekwa mahali pengine, pamoja na kamari, katika milango ya kupoteza mali. Aliyezoea orodha ya matano atashangaa. Mimi naona ni dalili kwamba mwenye kusema alimjua anayesema naye: mwana wa tajiri, aliyerithi karibuni, asiye na baba wa kumzuia. Vivyo hivyo shauri la mali, lenye mifano ya nyuki na ya kichuguu, lasema mali igawanywe mafungu manne: moja la matumizi, mawili ya kuendeshea kazi, na la nne la kuwekea siku za shida. Fungu la watawa halikutajwa kabisa! Wafafanuzi waliona haya pengo, wakaeleza kwamba sadaka hutoka katika fungu la kwanza. Huenda ni kweli. Lakini dini iambiwayo kwamba haimtaki mtu wa nyumbani ila kwa chakula chake ingalikuwa na haraka zaidi ya kulitaja bakuli.

Nafika sasa kwenye neno ambalo kwalo hotuba nzima yasimama. Kila upande umeelezwa kwa mtindo mmoja: kwa mambo matano upande huu hupaswa kutendewa hivi, nao ukiisha kutendewa hivyo, hurudisha kwa mambo matano, isipokuwa watawa, ambao hurudisha sita. Kitenzi kilichotumika kwa wajibu wa kwanza ni kile kile katika pande zote sita. Mzizi wake wa Kipali, upatthana, ni kusimama karibu. Na kwa kuwa asimamaye karibu na mtu yu tayari kwa haja zake, maana yake ikawa kuhudumia. Ananda, aliyemhudumia Buddha miaka 25, huitwa kwa jina la mzizi huo huo.

Hapo lugha yetu yaleta shida ya ajabu. Sisi nasi tuna kusimama, na kutoka hapo tumepata kusimamia. Lakini asimamiaye hahudumii, huamuru. Msimamizi wa shamba alisimama karibu na watu ili wasipumzike. Kutoka kitendo kimoja cha mwili, lugha mbili zimekwenda njia zilizoachana kabisa. Mfasiri wa Kiswahili hawezi basi kufuata mzizi, na hubaki na kutumikia, kutunza, kuangalia, kuhudumia. Kishawishi chake kitakuwa kugawanya: awaheshimu wazazi, amtunze mke, awaangalie watumishi. Sentensi zitapendeza masikio, na hotuba itakuwa imekufa. Maana nguvu yake ni hii, kwamba tendo lile lile analotendewa baba ndilo analotendewa mtumwa. Bwana lazima awahudumie watumwa wake, kwa neno lilo hilo ambalo mwana huwahudumia wazazi. Sikio la Kiswahili hushtuka. Na sikio la watu wa Rajagaha bila shaka lilishtuka pia. Mimi ningeandika kuhudumia mara sita, pasipo kubadili.

Na kitenzi cha pili ni kigumu zaidi. Upande uliohudumiwa hurudisha nini? Kipali chasema anukampati, neno linalotokana na kutetemeka pamoja na mtu, ndiyo huruma. Kwa kawaida huruma hiyo hushuka: Buddha huuhurumia ulimwengu, mwalimu huwahurumia wanafunzi, kama kwetu bwana humhurumia mtumwa, wala hapana asemaye kinyume chake. Lakini hapa watumwa na wafanya kazi wamehesabiwa kuwa humhurumia bwana wao. Huamka kabla yake, hulala baada yake, hutwaa kile wanachopewa tu, hufanya kazi yao vema, hueneza jina lake jema; na hayo yote yameitwa huruma. Wafasiri wengine wa Kiingereza wameona neno halikai, wakaandika kulipa tu, kana kwamba ni hesabu ya duka. Ni hasara kubwa. Anayelipa deni hupungukiwa na deni. Anayehurumia ana kitu ambacho mwenzake anakihitaji. Yule aliyelala chini ya miguu ameonekana ghafula kuwa mtu mwenye cha kutoa, na bwana, pamoja na mali yake yote, kuwa mtu wa kuonewa huruma.

Wajibu za bwana nazo si za maneno matupu. Awape watu kazi kwa kadiri ya nguvu zao, awape chakula na ujira, awauguze wakiugua, akipata kitu kitamu asile peke yake, na awape ruhusa kwa wakati. Wasomaji waliowahi kuwa na mpishi au mchungaji wa ng'ombe nyumbani wataweza kupima wenyewe ni ngapi kati ya hizo tano huwa tumezishika kufika mwisho wa mwezi. Ile ya nne ndiyo ndogo kuliko zote, nami nadhani ndiyo ngumu.

Kwa walimu, upande wa kusini umeandikwa vizuri kuliko pande zote. Mwanafunzi huinuka mwalimu aingiapo, huwa karibu naye, husikiliza kwa hamu, humtumikia, hupokea mafundisho kwa adabu. Mwalimu hurudisha kwa kumzoeza vema. Kwa kuhakikisha kwamba ameshika kile alichofundishwa. Kwa kumfundisha elimu yote, pasipo kujibakizia. Kwa kumsifu mbele ya rafiki na wenzi. Na kwa kumpa ulinzi katika pande zote. Zingatia hilo la mwisho. Neno pande limerudi. Katika wajibu zote za hotuba, hapa tu mtu mmoja amepewa kazi ya kumlinda mwenzake kila upande atakaokwenda. Na mtu huyo si baba, wala si mtawa, bali ni mwalimu. Na lile la tatu, la kutojibakizia elimu, ni kinyume cha desturi ya mafundi wengi wa kale, hata wa kwetu, ambao hubakiza dawa moja au fundo moja la kazi wakaenda nalo kaburini.

Katika upande wa magharibi siwezi kuisifu hotuba hivyo. Ni kweli kwamba mume ameambiwa amheshimu mkewe, asimdharau, asizini nje, amwachie mamlaka ya nyumba, na kumpa mapambo; na hilo la mamlaka si dogo. Lakini hotuba nzima yasemwa na mwanamume kwa mwanamume. Mke hutajwa kama upande. Hasimami popote kama mtu aliye katikati, mwenye pande sita zake mwenyewe. Mashariki yake ni wazazi gani, wake au wa mumewe? Waliomwandikia sifa Buddha kwamba hakuacha neno wangepaswa kujibu swali hilo. Hali kadhalika hotuba yawataja watumwa pasipo kuuliza waliupataje utumwa. Ni haki kukumbuka kwamba katika maandiko mengine biashara ya watu imetajwa katika biashara tano asizopaswa kufanya mfuasi asiye mtawa, pamoja na biashara ya silaha, ya nyama, ya vileo na ya sumu. Hivyo kumnunua mtu ili kumwuza kumekatazwa. Kuwa naye nyumbani kumewekewa adabu tu. Watu wa pwani hii, ambapo soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe ukakaa miaka mingi baada yake, wanajua nafasi iliyopo kati ya mambo hayo mawili.

Je, hotuba hii yatendwa, au ni karatasi tu? Ceylon ni mahali pazuri pa kutazama, maana huko dini hiyo imekaa zaidi ya miaka elfu mbili. Mtu wa nyumbani huahidi yale mambo matano kwa Kipali, na ahadi hizo hutamkwa hata mwanzoni mwa mikutano ya kawaida. Watu hupika chakula na kukipeleka kwa watawa kabla ya adhuhuri, kwa kuwa mtawa hali baada ya hapo. Na sadaka hiyo hutolewa hasa mtu wa nyumba akifa, ili thawabu yake imfikie marehemu, kama ule wajibu wa tano wa mwana. Siku ya mwezi mpevu, iitwayo poya, wengi huvaa nyeupe na kushika ahadi nane badala ya tano. Siku hiyo ni ya mapumziko kwa nchi nzima, na vileo haviuzwi. Tangu mwaka 1966 hata 1971 serikali ilijaribu kuzifanya siku za poya kuwa pumziko badala ya Jumapili, lakini kwa kuwa mwezi haufuati hesabu ya siku saba, kazi na biashara zilivurugika, ikarudishwa Jumapili. Katika sikukuu ya Vesak, mwezi wa Mei, watu hujenga vibanda njiani na kuwalisha wapitao bure, pasipo kuwauliza dini yao. Hata Dar es Salaam, katika mtaa wa Upanga, liko hekalu lililoanzishwa na Wasinhala zamani za Tanganyika, na uwanjani mwake mti wa namna ile ambayo Buddha aliketi chini yake.

Katika hayo yote kuketi kimya na kuangalia pumzi kuna mahali pake, lakini kwa watu wengi wa nyumbani, kwa karne nyingi, hapakuwa mahali pa kwanza. Wala sisemi kwamba mafunzo ya Marekani ni ya uwongo. Hotuba inayotegemewa na walimu wa uangalifu wa pumzi huitwa Satipatthana, nayo ni ya kale na ya kweli. Ila wataalamu wengi wa lugha husema sasa kwamba nusu ya pili ya jina hilo ni lile neno letu letu, upatthana, kusimama karibu: uangalifu umesimamishwa karibu na mwili, karibu na maumivu, karibu na moyo. Kama ndivyo, aliyejifunza kusimama karibu na pumzi yake amejifunza nusu tu ya matumizi ya neno, na nusu ya pili yamngojea jikoni, kwa yule aliyeamka kabla yake.

Limebaki pingamizi moja, nalo ndilo zito. Mtindo wa hotuba ni kutenda na kurudishiwa. Imeandikwa kwamba upande ukiisha kuhudumiwa hurudisha. Basi kijana ndiye aanzaye, na hilo ni jema. Lakini usiporudisha? Baba akiwa mlevi, rafiki akikimbia, mtumishi akiiba, mwana afanyeje? Hotuba yanyamaza. Imewataja marafiki wa uwongo na kushauri waepukwe. Lakini baba haepukwi kama mpita njia. Msomaji mkali anaweza kusema kwamba hii ni adabu ya watu wenye bahati, ambao pande zao zote ni salama.

Jibu, kwa kadiri lilivyopo, halimo katika Sigalovada. Limo katika vitabu vya sheria ya watawa, katika habari ya mtawa aliyekuwa na ugonjwa wa kuhara, amelala katika uchafu wake, wala hapana mwenzake aliyemkaribia. Buddha akapita pamoja na Ananda, akamwona. Akamwagia maji, Ananda akamsafisha, wakamwinua, mmoja kichwani na mmoja miguuni, wakamlaza kitandani. Kisha akawauliza watawa kwa nini hawakumwuguza, nao wakajibu kwamba mtu yule hakuwa na faida kwao; hakuwafanyia lo lote. Buddha akawaambia kwamba wao hawana baba wala mama wa kuwauguza, na wasipouguzana, nani atawauguza? Tena kwamba mtu anayetaka kumhudumia yeye na amhudumie mgonjwa. Kitenzi ni kile kile cha Sigala. Lakini hesabu ya kurudishiwa imevunjwa, maana mgonjwa yule alikuwa ni mtu ambaye hakurudisha. Wanaomfundisha kijana pande sita peke yake, pasipo kumsimulia habari hii, wamempa nyumba isiyo na mlango wa nyuma.

Nataja mwisho jinsi hotuba hii ilivyopokewa na watu ambao kwa karne nyingi waliwekwa upande wa chini. Tarehe 14 Oktoba 1956, katika mji wa Nagpur, Bara Hindi, B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jamaa za wale waliohesabiwa kuwa najisi wasioguswa, na ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyotunga rasimu ya katiba ya nchi hiyo, aliingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya watu wake. Alikufa tarehe 6 Desemba mwaka ule ule. Katika kitabu chake juu ya Buddha na mafundisho yake, kilichotoka mwaka 1957, aliweka sehemu nzima ya sheria ya watu wa nyumbani, na ndani yake wajibu wa mwana, wa mwanafunzi, wa mume na mke, na wa bwana na mtumishi. Watu wa Ulaya waliosoma hotuba hii mara nyingi waliisoma kama adabu nzuri za zamani. Waliosimama na Ambedkar uwanjani Nagpur walikuwa na sababu ya kuanzia kuisoma kutoka upande wa chini.